Daftari Lisilo na Safu ya Chakula

Wenye kuwajibika kwa yaliyompata dada yangu mkubwa ni watatu. Nawataja kwa vyeo vyao kabla sijasimulia jambo lingine lolote, ili msomaji asije akadhani kwamba nazunguka. Wa kwanza ni idara ya afya ambayo, vita vilipoanza tena, ilihamisha vifaa vya kupima kuganda kwa damu kutoka hospitali ya mji ikavipeleka kituo cha jeshi, bila kuwaachia wagonjwa wa mji hata kipande cha karatasi cha kuwaeleza waende wapi. Wa pili ni muuguzi mkuu wa hospitali hiyo, aliyeisimamisha dawa kwa mdomo akakataa kuisimamisha kwa kalamu. Wa tatu ni mimi.

Siandiki majina. Majina yote, pamoja na tarehe na saa, yamo katika daftari lenye jalada la kijani ambalo nitalitaja tena, na nitalitoa mbele ya yeyote atakayeliomba kwa mamlaka. Hapa natumia vyeo tu, kwa kuwa cheo ndicho kinachopaswa kujibu. Mtu huhama, huzeeka, hufa. Kiti hubaki na mwingine hukikalia. Nimekaa katika ofisi ya teritwari, yaani wilaya, ya Kamina muda wa kutosha kulijua hilo. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Kila ninapouliza habari za miaka ile, watu, wanaoniita papa kama wanavyowaita wazee wote, hunijibu, "Ilikuwa vita, papa." Nami huwajibu kwamba vita havina sahihi wala muhuri. Kila karatasi iliyotoka miaka ile, na kila karatasi iliyokataa kutoka, ilipita mkononi mwa mtu aliyekuwa ameamka asubuhi, akanawa uso, akaenda kazini.

Yaya, maana ndivyo tunavyomwita ndugu aliyetutangulia kuzaliwa, alinizidi miaka minane. Mama yetu alipofariki sikuwa nimeanza shule, na yaya alikuwa mwanafunzi wa shule ya wasichana ya misheni. Alinifundisha herufi kabla ya mwalimu yeyote. Alitandaza unga wa muhogo juu ya lungo, ule ungo wa kupepetea, akachora herufi kwa kidole, nami nikachora yangu kando yake. Nikikosea, alilitikisa lungo, herufi ikapotea, tukaanza upya. Unga haukupotea, jioni ulikuwa bukari, yaani ugali. Baadaye akawa mwalimu, akafundisha hata watoto wa wanafunzi wake wakawa wanafunzi wake. Alipofiwa na mumewe, mimi nikiwa nimekwisha kumzika mke wangu, alihamia kwangu, katika nyumba ya matofali iliyo ng'ambo ya reli, tukaishi wazee wawili tukigombania chumvi.

Nyumba ilikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili niliamshwa na kinu. Yaya alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo ambayo watu wa mbali huyaita kisamvu. Aliyapika kwa mawese na karanga, tukayala mchana, na yaliyobaki tukayala jioni. Alisema kwamba mtu anayeweza kumaliza siku bila sombe ni wa kuulizwa vizuri anatoka wapi.

Katika kiangazi kilichotangulia vita kuanza tena, kinu kilianza kunyamaza katikati. Nilisikia mapigo kumi, kisha kimya, kisha mapigo manne. Nilipotoka nje nilimkuta ameketi juu ya kinu kilicholazwa, mkono kifuani.

"Kuko nini, yaya?"

"Hakuna kintu. Moyo inacheza ngoma ya yake peke."

Nilimpeleka hospitali ya mji. Daktari alikuwa kijana aliyetoka Lubumbashi, mwenye sauti ya chini. Nasema hapa kwa moyo mweupe kwamba huyu hayumo katika watatu wangu. Alimsikiliza yaya kifua kwa muda mrefu, akatueleza kwamba moyo wake haupigi kwa mpangilio. Moyo wa namna hiyo, alisema, hauisukumi damu yote. Nyingine hulala ndani yake, huganda, na siku moja donge hilo hupanda kichwani na kumwangusha mtu upande mmoja. Kuna dawa ya kuzuia damu isigande. Kabla ya kuiandika aliuliza maswali mengi kuliko nilivyowahi kumsikia mganga akiuliza. Ana miaka mingapi? Amewahi kuanguka? Amewahi kutapika damu au kwenda choo cheusi? Akampandisha juu ya mizani, jambo ambalo yaya alilichukulia kama matusi.

"Kuko dawa ingine unameza, mama?"

"Hapana."

"Hata moja?"

Yaya alifungua fundo la kitambaa chake cha kichwa, akatoa vidonge vitatu vya aspirini. "Hii haiko dawa. Hii ni ya magoti."

Daktari alicheka, lakini alivichukua vile vidonge akavitia katika mfuko wa koti lake. "Hii na ile, hapana kukutana hata siku moja. Zikikutana, damu itakosa mulinzi." Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa yaya alikuwa anamtazama kwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa mali. "Papa, hii dawa iko muzuri, lakini haina urafiki. Ikikuwa kidogo, haifanye kazi. Ikipita, damu inatoka pasipo kusimama. Katikati kuko kanjia kadogo. Na kwa bazee, kanjia kao kako kadogo kupita. Njo maana tutaanza na kipande, hatutaanza na kidonge muzima."

"Na weye utajua namna gani kama niko mu kanjia?" yaya aliuliza.

"Na damu yako, mama. Tutakuchoma, tutaipima. Mwanzo mara mbili kwa juma, kiisha kila juma, kiisha kila mwezi."

"Kumbe njo bei. Nilifundisha batoto miaka yote ile, hakuna hata mumoja alinichoma."

Yale maagizo niliyaandika palepale. Anywe saa ileile kila jioni. Akisahau siku moja, asinywe mara mbili siku inayofuata. Asichomwe sindano ya takoni bila kumwambia mchomaji. Tuangalie fizi, mkojo, choo, na madoa meusi ya ngozi. Neno la mwisho daktari alilitamka akiwa amekwisha kusimama: "Na chakula, akule vile anakulaka siku zote. Hapana kubadilisha." Niliandika: Chakula, kama kawaida. Nikapiga mstari chini yake.

Jioni hiyo nililipangia daftari la kijani safu tano kwa rula na wino mwekundu: tarehe, saa, kiasi, matokeo ya kipimo, maelezo. Kidonge nilikikata mwenyewe kwa wembe juu ya sahani nyeupe, ili hata vumbi lake lionekane. Yaya alimeza, akasukuma kikombe, akanyoosha shingo aone ninachoandika.

"Mukarani, unaandika dawa yangu sawa vile uliandikaka bakufa."

"Ni juu usiingie mu kile kitabu kingine, yaya."

"Basi andika muzuri."

Niliandika vizuri. Majuma ya kwanza kipimo kilikuwa chini, daktari akaongeza robo, kikapanda mno, akapunguza, mwishowe kikatulia. "Mama iko mu kanjia," alisema, akampa yaya mkono kama mtu anayempongeza aliyefaulu mtihani. Kinu kilirudi kupiga bila kukatika. Nilikuwa naamka kwa sauti yake nikijua mambo mawili kwa pamoja: kwamba yaya yu hai, na kwamba mchana kuna sombe.

Kisha vita vilirudi. Sitavisimulia, wapo waliovisimulia ambao hawakuviona. Nasema tu yale yaliyohusu daftari langu. Treni kutoka Lubumbashi iliacha kufika kwa siku zake, na dawa ya maji inayotumika katika kipimo ilikuwa inakuja na treni hiyo. Daktari aliitwa kwenda kuhudumia majeruhi. Alipita nyumbani akiwa na begi moja, akatuachia vidonge vya miezi kadhaa, akasema atarudi. Jumatatu iliyofuata tulikuta mlango wa maabara umefungwa. Mlinzi alikuwa ameketi kizingitini akimenya hindi.

"Bote balienda base ya jeshi," alisema. "Na mashini yao."

"Karatasi ya kutuelekeza iko wapi?"

"Papa, karatasi nayo ilienda base."

Niliandikia idara barua. Ilikuwa barua fupi, yenye rejea, yenye nakala mbili, ikieleza kwamba mgonjwa mwenye umri mkubwa ameanzishiwa dawa isiyoweza kutumika bila kipimo, na kwamba kipimo kimeondolewa. Kwa hiyo naomba kibali cha raia huyo kupimwa katika maabara ya kituo cha jeshi. Baada ya siku kumi na mbili nilijibiwa kwamba ombi langu limepitishwa kwa anayehusika. Niliandika ya pili kuuliza ni nani anayehusika. Hiyo haikujibiwa.

Katika siku hizo alikuwapo mke wa askari mmoja, mwanamke wa mto, mzaliwa wa jimbo la Équateur, aliyeishi kule kituoni na kuja mjini siku za soko. Mizigo yake ya sabuni na samaki wa makopo aliiweka barazani kwetu, kwa kuwa yaya alikuwa amemfundisha bintiye kusoma bila kumdai kitu. Alimwita yaya "koko," yaani bibi, na Kiswahili chake kilikuwa na kona za Kilingala. Aliposikia shida yetu aliweka kikapu chini.

"Muzee, mutu wa labo ni jirani yangu. Anakulaka kwangu. Kesho nachukua koko na kinga, hii baiskeli yako, tunafika, banamuchoma, tunarudi. Iko wapi shida?"

"Maabara ile ni ya jeshi. Raia haingii bila kibali. Nimekwisha kuandika."

"Umeandika lini?"

"Ni juma la tatu."

"Muzee," alisema, "damu inangojaka karatasi?"

Yaya alicheka akiwa ndani, kicheko cha mwalimu aliyesikia mwanafunzi mwingine akitoa jibu sahihi. Mimi sikucheka. Nilimweleza yule mama kwamba mtu akiingia kwa mlango wa pembeni leo, kesho mlango mkuu utafungwa kwa wote. Niliyaamini maneno hayo. Hata leo siwezi kusema kwamba ni ya uongo. Nasema tu kwamba nilipokuwa nayatamka, dada yangu alikuwa na majuma matatu bila kupimwa, nami nilikuwa na baiskeli ndani ya nyumba, ina pumzi katika magurudumu yote mawili.

Sasa nafikia jambo ambalo sikulijua wakati lilipokuwa linatendeka, ingawa lilitendeka hatua kumi kutoka kitandani pangu.

Wakimbizi walikuwa wamefika kutoka upande wa Kabongo na kutoka kando za mto, huku Mulongo, wakalazwa katika madarasa ya shule ya kanisa. Kina mama wa ushirika wa kanisa letu wana desturi ya zamani. Panapokuwa na msiba mkubwa wa wote, hawafungi kwa kuacha kula kabisa. Kila mmoja huchagua chakula anachokipenda kupita vyote, hukipika kama siku zote, kisha hukipeleka chote kwa mwenye taabu bila yeye kuonja. Na hasemi. Hamwambii mume, hamwambii mtoto, hawaambiani wenyewe ni chakula gani, kwa maana mfungo uliotangazwa, kama wanavyosema, umekwisha kulipwa. Waliamua kufunga hivyo mpaka mvua ziishe au amani irudi, kitakachotangulia.

Yaya alichagua sombe.

Mimi nilisikia kinu kila asubuhi. Mchana niliwekewa sombe yangu mezani, naye alikula jikoni, kwa kuwa alisema joto la jiko linamsaidia magoti. Alikuwa anakula bukari na samaki mkavu, au bukari na maharagwe, na sufuria kubwa ilikuwa inakwenda shuleni kichwani pake, imefunikwa. Nilimwona akiibeba. Nilidhani anapeleka masazo. Na kila jioni, katika safu ya maelezo, niliandika maneno yaleyale kwa mwandiko uleule: Hakuna mabadiliko.

Daktari alikuwa amesema asibadilishe chakula. Mimi, mtu wa ofisi, nilielewa kwamba kimekatazwa kitu kipya kuingia. Haikunipitia akilini kwamba kitu cha zamani chaweza kutoka. Baadaye nilielezwa kwamba majani mabichi kama sombe yana kitu kinachosaidia damu kugandana, na kwamba kipande kile cha kidonge kilipimwa juu ya mwili wa mwanamke anayekula sombe mara mbili kwa siku. Mfungo uliondoa sombe, ukaacha kidonge vilevile, na kile kipande kidogo kikawa kikubwa bila mtu kukiongeza. Kwa kipimo cha damu tungaliligundua hilo katika juma la kwanza. Kipimo hakikuwapo. Lilikuwapo daftari, nalo lilikuwa safi.

Niliona doa jeusi mkononi mwake, juu ya kifundo. Nilimwuliza.

"Muchi wa kinu ulinipiga."

Niliandika: Doa, mchi wa kinu. Siku chache baadaye akaanza kuvaa blauzi ya mikono mirefu katika joto la mvua, nami nikadhani ni uzee.

Ilikuwa Jumatano, baada ya chai, damu ilipomtoka puani. Aliinama mbele, akabana pua kama alivyokuwa akiwafundisha watoto wa shule. Ilitoka. Tukabadilisha kitambaa. Ilitoka. Kufikia saa nne nilikuwa nimekwisha kutumia taulo mbili, na kwenye mikono yake, tulipokunja blauzi, kulikuwa na madoa kama ramani. Yule mke wa askari alikuwa amefika na mizigo yake. Hakuniuliza lolote, alimwinua yaya, akamketisha nyuma ya baiskeli yangu, akashika upande mmoja nami nikashika mwingine, tukaisukuma mpaka hospitali.

Daktari hakuwapo. Alikuwapo muuguzi mkuu, mtu wa umri wangu karibu, aliyechoka, mwenye majeruhi hata chini ya madirisha. Alitenda kwa haraka na kwa ujuzi, nami ninalikiri hilo katika maandishi. Alimzibia yaya pua kwa pamba, akatafuta ile sindano wanayowapa watoto wachanga ili damu isiwatoke, akaipitisha polepole mshipani. Akauliza anakula nini.

"Bukari," yaya alisema.

"Na nini?"

Yaya alinitazama mimi, kisha yule mama, kisha dari. "Na samaki. Na maharagwe."

"Na sombe?" nikauliza.

"Sombe ni ya bakimbizi."

Hivyo ndivyo mfungo wake ulivyotangazwa, mbele ya watu watatu na majeruhi wasiohesabika, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevunja kitu cha thamani. Damu ilisimama mchana. Alipopata nguvu alinipapasa goti.

"Mukarani. Siku zote zile uliandikaka nini?"

"Hakuna mabadiliko."

Alicheka na pamba ikiwa puani, mpaka muuguzi akamkataza.

Tulipokuwa tunaondoka, muuguzi mkuu alisema, "Hiyo dawa, muache."

"Mpaka lini?"

"Tutaona."

Nilifungua daftari, nikaliweka mbele yake pamoja na kalamu. Nilimwomba aandike kwamba dawa imesimamishwa, kwa sababu gani, na ni lini, kwa kipimo gani, itaanzishwa tena. Kwa maana moyo wa yaya haukuwa umebadilika, na donge alilolihofia daktari halikuwa limesikia habari za pua.

"Papa, miye siko munganga. Siwezi kutia sign."

"Lakini umekwisha kuisimamisha."

"Nimesema tu. Kusema na kuandika haiko sawa."

Hilo ndilo neno ambalo limenitoa usingizini mara nyingi kuliko mizinga. Kuanza kwa dawa kulikuwa na sahihi. Kusimama kwake hakukuwa na sahihi. Katika daftari kuna mstari wa jioni ile, tarehe na saa, na katika safu ya kiasi nimeandika sifuri, nayo haina mwenyewe.

Baada ya juma moja nilifanya kile nilichokuwa nimekikataa. Nilimpeleka yaya kituo cha jeshi kwa baiskeli, tukiongozwa na mke wa askari, bila kibali. Ilituchukua asubuhi nzima kufika na muda wa kunywa chai kupimwa. Mtu wa maabara hakuniomba karatasi yoyote. Aliniuliza tu kama nimebeba maji. Matokeo yalionyesha kwamba damu ya yaya imerudi kuganda kama ya mtu asiyetumia dawa. Kwa maneno mengine, hakuwa tena na mlinzi. Matokeo hayo niliyapeleka kwa muuguzi mkuu siku ileile.

"Basi aanze tena, na kipande kidogo zaidi," nilisema. "Na sasa sombe anakula. Mimi mwenyewe ninamwona."

"Ngojea docteur."

"Daktari anarudi lini?"

"Papa, ni vita."

Vidonge vilikuwa katika kabati yangu, katika chupa yake, karibu na wembe na sahani nyeupe. Kila jioni saa ilipofika yaya alikitazama kikombe, kisha akanitazama. Hakuomba. Nami nilikuwa na mambo yote niliyoyahitaji isipokuwa amri. Nilijiambia kwamba aliyekosea mara moja kwa kudhani anajua hana haki ya kudhani tena. Labda hiyo ilikuwa hekima. Labda ilikuwa woga uliovaa tai. Nimeyapima mawili hayo kwa miaka, na mizani haijatulia.

Katika juma la saba tangu dawa isimamishwe, asubuhi, kinu kilipiga mara tatu kikanyamaza. Nilingoja pigo la nne. Nilipotoka, mchi ulikuwa umelala chini na yaya alikuwa kando yake, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haumjui.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Alijifunza tena kuketi na kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Maneno hayakurudi, isipokuwa moja tu la Kiluba, la nyumbani kwetu: eyo, yaani ndiyo. Unataka maji? Eyo. Hutaki maji? Eyo. Mwanamke aliyebishana na wakaguzi wa shule, na wachungaji, na mizani ya hospitali, sasa alikubali kila kitu. Mtu wa ofisi anajua kwamba jibu ambalo ni ndiyo siku zote si jibu. Siku moja nilimwekea lungo magotini, nikatandaza unga, nikachora herufi ya kwanza ya jina lake. Aliitazama. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya unga, akakivuta kidogo, kisha yeye mwenyewe akalitikisa lungo.

Nilimwuliza, tukiwa wawili tu, kama lilikuwa kosa langu. Alisema, eyo. Nilimwuliza kama halikuwa kosa langu. Alisema, eyo, kwa sauti ileile, akanipapasa goti.

Kibali nilichokiomba kwa idara kilifika, kikiwa na mihuri miwili, alipokuwa na miezi mitano katika hali hiyo. Nimekibandika katika daftari. Daktari naye alirudi, amekonda. Alilisoma daftari lote akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, na alipofika mwisho alisema jambo moja: "Papa, hii ni kazi safi. Lakini hakuna safu ya chakula." Nilimjibu kwamba hakuna aliyeniambia niiweke. Akajibu kwamba ni kweli, na kwamba hilo lilikuwa lake yeye kunifafanulia. Ndiye mtu pekee katika jambo hili aliyewahi kusema "ni langu" bila kuulizwa, na ndiyo sababu nimemwacha nje ya watatu.

Kwa hiyo, mimi niliyetajwa hapo juu mahali pa tatu, mkazi wa Kamina, mstaafu wa ofisi ya teritwari, nadai yafuatayo kwa wanaokalia leo viti hivyo. Nadai idara ya afya ieleze kwa maandishi nani aliamuru vifaa vihamishwe, na kwa nini hapakuachwa maelekezo kwa wagonjwa waliokwisha kuanzishiwa dawa. Nadai hospitali iujaze ule mstari mtupu: nani aliisimamisha dawa, na nani alikuwa na jukumu la kuirudisha. Nadai kwamba tangu sasa mzee yeyote wa mji huu asimezeshwe kidonge cha kwanza cha dawa hiyo kabla haijaandikwa, mbele yake na mbele ya mtu wa nyumbani kwake, atapimwa wapi na siku gani, njia ikifungwa atapimwa wapi badala yake, anakula nini kila siku na akiacha nini aje kusema, na ni nani mwenye kalamu ya kuisimamisha na kuianzisha. Nadai pia jina langu liingizwe katika faili la jambo hili, wala lisiondolewe kwa heshima ya mvi zangu. Majibu yawe na cheo, sahihi na muhuri. La mdomo sitalipokea.